Milton Wolff: kijana wa Brooklyn aliyekwenda kupigana Hispania. Alikwenda kama Myahudi, kama mkomunisti, au kama kijana asiye na kazi?

#1 Mwanakumbukumbu

Wadau, habari za jioni. Nimekuwa nikisoma maisha ya Milton Wolff, na kuna jambo moja limeniganda ambalo naomba tulijadili kwa utulivu.

Wolff alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 7 Oktoba 1915, katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya Mashariki. Sekondari hakuimaliza. Mdororo wa uchumi ulipowabana watu wa mtaani kwao alijiunga na kambi za vijana za serikali ya Roosevelt, zile za kupanda miti na kuchonga njia za misitu, na baadaye akapata kibarua katika mitaa ya viwanda vya nguo ya Manhattan. Mwanzoni mwa 1937, akiwa na umri wa miaka 21, alipanda meli akaenda Hispania, nchi ambayo hakuwa na ndugu humo wala hakuijua lugha yake, ili kuitetea serikali ya jamhuri iliyochaguliwa kwa kura dhidi ya majenerali walioasi, akiwemo Franco. Baada ya mwaka mmoja na ushei, kijana huyo ambaye kwao hakuwahi kuvaa sare ya jeshi alikuwa ndiye kamanda wa batalioni ya Wamarekani wa kujitolea iliyoitwa Lincoln.

Dai langu ni kwamba kilichomtoa Brooklyn ni Uyahudi wake. Hitler alishika madaraka 1933, sheria za Nuremberg za 1935 zikawavua Wayahudi wa Ujerumani uraia wao, na katika majira ya joto ya 1936 ndege za Hitler zilikuwa tayari zinawavusha askari wa Franco kutoka Morocco kuingia Hispania. Myahudi aliyetaka kukutana na jeshi la Hitler akiwa na bunduki mkononi, mwaka 1937, hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mwenye hoja ya kunipinga naomba ailete.

#2 BintiMkwakwani

Nakupinga, mleta mada, na hoja yangu ni ya hesabu tu. Marekani ya wakati huo ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 4. Waliokwenda Hispania hawakufika hata elfu mbili. Ikiwa Uyahudi ndio uliowatoa, mbona mamilioni waliobaki haukuwatoa?

Wolff alikuwa mwanachama wa umoja wa vijana wa chama cha kikomunisti. Alijitolea katika mkutano wa umoja huo, na chama ndicho kilichoandaa safari, njia na wenyeji wa kuwapokea. Wengi wa vijana wale walikuwa wameshaiacha dini ya wazazi wao na hawakuonekana sinagogi hata sikukuu. Ukimvisha mtu kama huyo joho la dini miaka 80 baadaye, unamwondolea kile alichokisema mwenyewe kwa kinywa chake, kwamba anapigania wafanyakazi.

#3 Kinda la Rufiji

Mimi sioni haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Kijana wa miaka 21, shule hakumaliza, kazi ni ya leo ipo kesho haipo, na nchi nzima imeanguka kiuchumi. Vijana wa namna hiyo tunawafahamu hapa kwetu, na ukiwaonyesha meli inayoondoka watapanda bila kuuliza inakwenda wapi. Walilipwa kiasi gani? Anayejua atwambie, kwa sababu huenda jibu liko hapo.

#4 Mwalimu Mstaafu

Naomba kwanza tuweke sawa mambo machache, kwa sababu mjadala ukijengwa juu ya makosa hautasimama.

Kwanza, watu wengi husema Brigedi ya Lincoln. Ilikuwa batalioni, yaani kikosi cha mamia ya watu, ndani ya Brigedi ya Kimataifa ya 15, mojawapo ya brigedi za wageni waliokwenda kuitetea jamhuri. Jina la brigedi lilikuja kuzoeleka baadaye huko Marekani. Wolff mwenyewe alianzia katika batalioni ya pili ya Wamarekani, iliyoitwa Washington, na baada ya hasara kubwa ya vita vya Brunete, karibu na Madrid, Julai 1937, batalioni hizo mbili ziliunganishwa kuwa moja.

Pili, idadi. Wapiganaji wa kujitolea wa brigedi zote walikuwa kama 35,000, kutoka nchi zaidi ya 50. Wamarekani walikuwa kama 2,800, na takriban 750 hawakurudi. Makadirio ya Wayahudi katika brigedi zote yanatofautiana sana, kuanzia 4,000 hadi 8,000, kwa sababu watu waliandikishwa kwa nchi zao na wengi walitumia majina ya bandia. Kwa Wamarekani inakubalika kwamba walikuwa karibu theluthi moja. Hapo, BintiMkwakwani, hesabu yako inageuka. Wayahudi walikuwa wachache mno katika wananchi wa Marekani, kiasi cha watu 4 katika kila 100. Kundi la watu 4 katika 100 likitoa theluthi ya jeshi la kujitolea, kuna jambo linalohitaji kuelezwa.

Tatu, malipo. Kinda la Rufiji, mshahara ulikuwa kiasi cha peseta 10 kwa siku, fedha ambayo ukishavuka mpaka haikununua kitu. Na safari yenyewe haikuwa ya mtu anayefuata ujira. Pasipoti za Marekani zilipigwa muhuri kwamba hazifai kwa safari ya Hispania, mpaka wa Ufaransa ulifungwa, na wengi waliuvuka usiku kwa miguu wakiipanda milima ya Pirenei kwa viatu vya nyayo za kamba, wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine bila kuruhusiwa kuwasha hata kiberiti.

#5 Kinda la Rufiji

Mwalimu, shikamoo. Hoja ya mshahara naiondoa. Hoja ya kukosa kazi naibakiza, kwa sababu hata mtu asiyefuata fedha anaweza kuwa anaikimbia hali ya kukosa la kufanya.

#6 Shungi

Ninyi nyote mnauliza chama kilisema nini na Hitler alifanya nini. Mimi nauliza mama yake alisema nini. Mtoto wa miaka 21 anaondoka nyumbani kwenda vitani, halafu katika mabandiko matano hakuna aliyemtaja mama?

#7 Mwanakumbukumbu

Shungi, umenigusa mahali ambapo hata mimi nilikwama niliposoma. Mama yake alidanganywa. Wolff alimwambia kwamba kazi yake huko ni ya kiwandani, kwamba yeye anashika nafasi ya mfanyakazi wa Kihispania ili yule Mhispania apate nafasi ya kwenda kupigana. Wakati barua za kiwandani zikiwafikia Brooklyn, yeye alikuwa kwenye kombania ya bunduki za rashasha. Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba uongo ule haukuwa mbali sana na nia yake ya kwanza, maana alipoondoka alikusudia kuwa mtoa huduma ya kwanza, si mpiga bunduki. Alibadilika alipofika na kuona hali.

#8 Mtoto wa Keya

Bandiko namba 7 limenifanya niache kazi niliyokuwa nayo. Naomba niandike kwa urefu kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki. Alipelekwa Bama (Burma) mwaka 1944 na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw katika mvua na malaria hadi Kalewa. Barua alizomletea bibi, ambazo karani wa kikosi alimwandikia kwa Kiswahili safi, zote zilisema kwamba yeye ni mpishi katika ngome ya Nairobi na kwamba anakula vizuri. Bibi aliwaambia majirani hivyo hivyo. Babu alirudi na blanketi la jeshi, sanduku la bati na kimya kirefu. Bibi aliujua ukweli jioni moja babu alipovua shati apate kuoga uani, akaona kovu linaloanzia chini ya bega hadi kwenye mbavu, nyororo na lenye kung'aa kama ndani ya ganda la ndizi. Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akamuuliza kama jiko ndilo lililomfanya hivyo. Babu akajibu kwamba lilikuwa bombomu, yaani bunduki ya rashasha.

Sababu ya kusimulia haya katika uzi huu ni hii. Baba yangu alimuuliza babu mara nyingi kwa nini alijiandikisha, na kila mara jibu lilikuwa jingine. Mara ilikuwa kodi ya kichwa, mara chifu alitaka vijana watano kutoka kila kijiji, mara alisema Wajerumani wangerudi kututawala, na uzeeni kabisa alisema alitaka viatu. Sidhani kama alidanganya hata mara moja. Kwa hiyo mnapotaka Wolff awe na sababu moja, mimi nasita.

#9 Shungi

Mtoto wa Keya, Mungu amrehemu babu na bibi. Asante sana.

#10 Nahodha Kipwani

Simulizi ni nzuri, ila kuna tofauti ambayo hatupaswi kuifunika. Keya alikuwa chini ya serikali iliyomtawala, na hata pale alipoitwa wa kujitolea kulikuwa na chifu nyuma yake. Wolff alivunja amri ya serikali yake ili aende. Hawa ni watu wawili waliotembea kuelekea pande mbili.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba Wolff naye alifika Bama. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa katika jeshi la Marekani, akapelekwa upande wa Jenerali Stilwell, kaskazini, mbali na bonde walilopita keya wetu. Baadaye alihamishiwa Italia, akifanya kazi na idara ya ujasusi ya OSS na wapiganaji wa msituni waliowapinga mafashisti.

Na maadamu tumeingia katika habari ya askari wa Kiafrika, kuna Waafrika wa vita vya Hispania ambao uzi huu umewapita kimya. Wamorocco zaidi ya 60,000 walipigana upande wa Franco. Walikuwa wakulima maskini wa Rif, milima ya kaskazini mwa Morocco, miaka yao ilikuwa ya ukame, na walipewa ngano, mafuta na malipo ya awali ya kuachia familia. Serikali ya jamhuri, iliyosema inapigania uhuru wa watu, haikuipa Morocco uhuru hata pale wazalendo wa Kimorocco walipoifuata kuiomba, kwa sababu iliogopa kuiudhi Ufaransa iliyokuwa na sehemu yake ya Morocco. Kijana wa Rif na kijana wa Brooklyn walipokutana bondeni na bunduki, wote wawili walikuwa maskini. Kinda la Rufiji, hoja yako ya njaa inamfaa huyu zaidi.

#11 Mwalimu Mstaafu

Nahodha amesema kweli tupu kuhusu Morocco. Naongeza jina moja tu: Najati Sidqi, mkomunisti Mwarabu kutoka Palestina, alikwenda Hispania kuwashawishi askari wa Kimorocco waache upande wa Franco, akiwaandikia na kuwatangazia kwa Kiarabu. Kwa hiyo Palestina ileile ilitoa Wayahudi wa kujitolea zaidi ya mia moja na ikatoa Mwarabu huyu, wote kwa upande mmoja wa vita.

#12 Msomaji wa Usiku

Nimesoma uzi wote tangu mwanzo. Naomba nirudi kwa mleta mada na BintiMkwakwani, kwa sababu naona wote wawili wanatenganisha vitu ambavyo havikutengana.

Desemba 1937, ndani ya brigedi ya Dombrowski ambayo wengi wake walitoka Poland, iliundwa kombania ya Wayahudi iliyoitwa Botwin. Naftali Botwin alikuwa kijana wa Kiyahudi, mkomunisti, aliyeuawa kwa kupigwa risasi Lwów mwaka 1925 baada ya kumuua mtoa habari wa polisi. Tazameni hapo: jina la kombania ni la mkomunisti, lakini kombania yenyewe ni ya Wayahudi. Amri zake zilitolewa kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na lilikuwepo gazeti lake la Kiyidishi lililotolewa hukohuko mstari wa mbele. Watu walioacha sinagogi, kama alivyosema BintiMkwakwani, lakini lugha ya mama hawakuiacha.

Na Kiyidishi hakikuishia kwenye kombania hiyo. Brigedi zilijaa Wapoland, Wafaransa, Wajerumani, Wahungari na Wamarekani wasioelewana, na mara kwa mara aliyetoka Warsaw na aliyetoka New York walijikuta wanaelewana kwa lugha ya jikoni kwa mama zao. Mtu anaweza kuwa hajali dini hata kidogo, lakini akiitwa gizani kwa lugha ile anageuka.

#13 Kinda la Rufiji

Kumbe kilikuwa ndicho Kiswahili chao! Mpoland na Mmarekani wanakutana handakini kama Mdigo na Mmanyema wanavyokutana sokoni Kariakoo. Hili sikulijua. Asante, Msomaji, ingawa jina lako linaonyesha kwamba hulali.

#14 Mzee Kitwana

Vijana, nimewasikiliza. Mnaisimulia habari hii kana kwamba upande mmoja ulikuwa wa malaika. Mimi ni Mkatoliki, na siwezi kuusoma uzi huu bila kusema kwamba katika eneo la jamhuri, hasa miezi ya mwanzo ya 1936, waliuawa mapadri, watawa na maaskofu karibu 7,000. Makanisa yalichomwa. Silaha za jamhuri zilitoka kwa Stalin, na pamoja na silaha walikuja polisi wake wa siri. Andreu Nin, mwanamapinduzi wa Kikatalani aliyekuwa na msimamo wake, alikamatwa Juni 1937 na kuuawa na watu waliokuwa upande uleule wa Wolff.

Halafu Agosti 1939 Stalin akafanya mkataba na Hitler, na chama cha kina Wolff kikabadilisha wimbo, kikahubiri kwamba vita vya Ulaya haviwahusu. Mleta mada, ikiwa alikwenda kwa ajili ya Wayahudi, hapo alikuwa wapi? Simchukii marehemu. Nauliza tu.

#15 Mwanakumbukumbu

Mzee Kitwana, shikamoo. Swali lako ni halali na ndilo linaloniumiza mimi pia. Habari ya mapadri ni kweli na haifutiki. Ya Nin ni kweli. Kuhusu 1939, jumuiya ya wapiganaji waliorudi, ambayo Wolff alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ilifuata msimamo wa chama, na hilo lina uchungu kwa watu waliokuwa wamewaona wenzao wakiuawa na mabomu ya Kijerumani.

Ila maisha ya mtu hayakunyooka kama mstari wa chama. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani pale William Donovan, aliyekuja kuiongoza OSS, alipomtafuta Wolff amsaidie kupata miongoni mwa wapiganaji wenzake watu wenye asili ya nchi za Ulaya ambao Waingereza wangewatumia nyuma ya majeshi ya Hitler. Wolff alikubali na akawatafuta. Mdomoni mlikuwa na wimbo wa chama, na mikono ilikuwa inafanya kazi nyingine. Naona humo Uyahudi wake, ingawa najua BintiMkwakwani atasema ni kitu kingine.

#16 BintiMkwakwani

Nasema ni kitu kingine. Juni 1941 Hitler aliivamia Urusi, na tangu siku hiyo chama hakikuwa na tatizo tena na vita. Tarehe zako zipange vizuri, mkuu, kabla hujazipa maana.

#17 Mwalimu Mstaafu

BintiMkwakwani, tarehe zinamsaidia mleta mada katika hili. Ombi la Donovan lilikuja kabla ya Juni 1941.

#18 Kinda la Rufiji

Mimi naomba niulize kuhusu watu weusi. Nimewahi kusikia kwamba kamanda wa kwanza mweusi aliyewaongoza Wamarekani weupe vitani alikuwa hukohuko Hispania na kwamba alimwachia Wolff uongozi. Ni kweli?

#19 Nahodha Kipwani

Nusu ya kwanza ni kweli, ya pili siyo. Oliver Law, mtu wa Texas aliyeishi Chicago na kuwahi kutumikia jeshi la Marekani, aliiongoza batalioni ya Lincoln na akauawa Brunete, Julai 1937, akiwa mbele ya watu wake wakipanda kilima walichokibandika jina la Mbu. Wakati huo jeshi la nchi yake lilikuwa bado linawatenga weusi na weupe. Wolff alikuwa katika vita hivyohivyo, lakini ni mpiganaji wa kawaida katika batalioni ya Washington. Yeye aliupata ukamanda Machi 1938, mizinga ilipoyapiga makao ya batalioni na kumuua David Reiss aliyekuwa kamanda.

Na hapa kuna sababu ambayo hakuna aliyeitaja, nayo inatuhusu sisi. Italia iliivamia Ethiopia Oktoba 1935, ikaingia Addis Ababa Mei 1936, na baada ya miezi miwili tu uasi wa Hispania ukaanza na Mussolini akapeleka majeshi huko pia. Wamarekani weusi wengi walitaka kwenda kuipigania Ethiopia, wakazuiwa na sheria za nchi yao. Muuguzi Salaria Kea alikuwa amekusanya msaada wa hospitali kwa ajili ya Ethiopia kabla ya kwenda kuwauguza majeruhi wa Hispania. Kwa watu kama yeye, Hispania ilikuwa mlango wa pili wa nyumba ileile. Wakimbizi wa Ethiopia waliovuka mpaka walipigiwa kambi Isiolo, kwa hiyo vita hivyo vilifika hadi mlangoni kwetu. Sasa ikiwa mtu mweusi alikwenda Hispania kwa uchungu wa Ethiopia na hakuna anayemkatalia, kwa nini tumkatalie Myahudi uchungu wa Ujerumani?

#20 BintiMkwakwani

Hilo, Nahodha, nakiri limenigonga. Nitalifikiria.

#21 Mkulima wa Lleida

Salaam kutoka Katalunya. Nimechelewa kuuona uzi kwa sababu tuko katika msimu wa mapichi na jioni mtu hana nguvu ya kushika simu. Nimeishi huku miaka 11, na sehemu mnazozitaja ziko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka ninapofanya kazi.

Mwaka juzi tajiri yangu alinichukua tukapeleke kreti za matunda Gandesa, na njiani tukasimama Corbera d'Ebre. Kijiji cha zamani kiko juu ya kilima na wamekiacha kama mabomu yalivyokiacha mwaka 1938. Unapanda kinjia, unakuta ngazi zinazokwenda ghorofani ambako hakuna ghorofa, na juu kabisa kuna kanisa kubwa lenye kuta zilizotobolewa, na ndani ya matundu njiwa wametaga. Ukisimama pale ukatazama kusini, unaiona safu ya Pàndols, mawe matupu. Ndiko walikopandishwa Walincoln Agosti 1938, kwenye kilele kinachoitwa 666 kwa kimo chake cha mita. Nilijaribu kuchimba kidogo kwa ncha ya kiatu nikaelewa kitu ambacho vitabu havikunielewesha: ardhi ile haichimbiki. Mtu hapati handaki. Bomu likianguka, jiwe nalo linageuka bomu. Kamanda wao pale alikuwa huyo kijana wenu, na alikuwa bado hajatimiza miaka 23.

Miezi minne kabla ya hapo, Aprili, batalioni ilipovunjikavunjika katika kurudi nyuma, Wolff alipotelea nyuma ya mistari ya adui kwa siku kadhaa, peke yake, akatokea kwenye mto Ebro na kuuvuka kwa kuogelea. Robert Merriman, mkuu wa wafanyakazi wa brigedi, alipotea siku hizohizo na hakuonekana tena. Nimeuona mto ule mwezi wa Aprili. Maji ni ya theluji iliyoyeyuka, yanakwenda kwa kasi na rangi ya chai ya maziwa.

Shungi aliuliza habari ya mama. Mimi niliposimama kwenye ukingo nilimwaza huyo mama aliyeko Brooklyn akiamini mwanawe yuko kiwandani.

#22 Mwalimu Mstaafu

Mkulima, asante sana. Sahihisho dogo: neno "mkuu wa wafanyakazi" katika jeshi letu tungesema mnadhimu mkuu. Merriman alikuwa mnadhimu mkuu wa brigedi.

Wapo waliohesabu kwamba batalioni ilipitiwa na makamanda 9: wanne waliuawa, wanne walijeruhiwa, na wa tisa ni Wolff, ambaye vita havikumwachia hata jeraha. Kuna mambo ambayo hayaelezeki kwa chama wala kwa kabila.

#23 Mtoto wa Keya

Aliporudi ilikuwaje? Babu alirudi akakuta kodi ileile inamngoja.

#24 Mwanakumbukumbu

Septemba 1938 waziri mkuu Negrín alitangaza Geneva kwamba Hispania inawaondoa wapiganaji wote wa kigeni, akitumaini Franco naye atalazimishwa kuwaondoa Wajerumani na Waitalia. Hakulazimishwa. Tarehe 28 Oktoba waliagwa Barcelona kwa maua, na tarehe 1 Aprili 1939 Franco akatangaza ushindi.

Wolff alirudi New York akiwa na cheo cha meja ambacho jeshi la nchi yake halikukitambua. Wengi wa wapiganaji wale walipojiunga na jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili walishukiwa, wakawekwa mbali na mstari wa mbele kwa sababu walikuwa wamepigana na mafashisti mapema mno kuliko serikali yao. Mwaka 1947 jumuiya yao iliingizwa katika orodha ya serikali ya vyama vinavyotiliwa shaka, na watu wakapoteza kazi. Yeye aliendelea: aliwatetea wafungwa wa Franco, alipigania haki za weusi, na katika miaka ya 1980 alishiriki kuchangisha magari ya wagonjwa kwa ajili ya Nikaragua. Akiwa na karibu miaka 80 alichapisha riwaya juu ya vita vile. Alifariki Berkeley, California, Januari 2008, akiwa na miaka 92.

#25 Mzee Kitwana

Mtu aliyebaki katika jambo moja kwa miaka 70 namheshimu, hata pale nisipokubaliana naye. Ila swali langu la 1939 bado liko palepale.

#26 Msomaji wa Usiku

Kuna sababu nyingine ambayo nimeiwaza tangu jana. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa, na jamaa za waliofukuzwa walikuwa bado wanazungumza Kihispania cha kale huko Thesalonike na Istanbul. Je, haiwezekani kwamba kurudi Hispania kulikuwa na maana ya pekee kwa vijana hawa?

#27 BintiMkwakwani

Kwa waliotoka Thesalonike labda. Familia ya Wolff ilitoka Ulaya ya Mashariki, watu wa Kiyidishi, na 1492 haikuwa jeraha la nyumbani kwao. Hapa naona tunaongeza sababu kwa kuwa ni nzuri kusimulia.

Kuhusu hoja ya Nahodha ya Ethiopia, nimeifikiria. Nakubali kwamba Hitler alikuwa ndani ya mioyo yao. Bado nasema bila chama wangebaki nyumbani na uchungu wao, kama walivyobaki wale milioni 4.

#28 Shungi

Mkulima wa Lleida, huko Gandesa kuna chochote kilichobaki ambacho mtu anaweza kukishika kwa mkono?

#29 Mkulima wa Lleida

Kipo kingi, dada. Siku ile tulipeleka matunda kwa mzee mmoja mwenye shamba la mizabibu, na pembeni ya mlango wake kuna ndoo ya plastiki ya bluu. Kila anapolima, trekta hufukua vipande vya mabomu na risasi, naye huvitupia humo. Nilichukua kimoja, kirefu kama kidole changu cha kati, kizito kuliko nilivyotarajia, kingo zake zimekauka kutu lakini bado zinakata. Nilimuuliza ni cha upande gani. Akasema baba yake alikuwa akiuliza hivyo hivyo, kisha akakirudisha ndooni. Tukirudi huko Septemba nitaipiga picha ndoo hiyo niiweke hapa.